Kuirudisha SMLE kwenye sura yake ya kijeshi bila kuharibu namba zake

SMLE (Short Magazine Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza) nyingi zinazouzwa leo Uingereza, Marekani, Kanada na Australia zimepita mikononi mwa watu watatu. Kiwanda kiliipiga namba. Fundi silaha wa jeshi akaikarabati, pengine mara kadhaa. Mwisho akaja mwindaji aliyeinunua kwa bei ya chee baada ya vita, akakata ubao wa mbele, akang'oa vilengeo na kupaka vanishi. Kazi ya kurudisha ni kufuta alama za huyo wa tatu tu. Ya kiwanda na ya jeshi yanabaki, hata yakiwa mabaya machoni.

Mwongozo huu unahusu SMLE No. 1 Mk III (1907) na Mk III* iliyorahisishwa mwaka 1916. No. 4, muundo wa Lee-Enfield uliofuata, tunaigusa pale inapotofautiana.

Kwanza sheria. Uingereza, SMLE ya 1915 inahitaji cheti cha silaha cha polisi kama bunduki mpya, kwa sababu risasi ya .303 haimo katika zile zilizohesabiwa kuwa zimepitwa na wakati. Marekani, sheria ya shirikisho huiita bunduki "ya kale" ikiwa imetengenezwa hadi mwisho wa 1898, na hakuna SMLE ya umri huo. Wakusanyaji wengi huchukua leseni maalumu ya silaha za kihistoria. Kanada kuna leseni ya PAL (ya kumiliki na kununua silaha). Kenya na Tanzania kila bunduki ina kibali chake, na zile Mark Four (yaani No. 4) wanazobeba askari wa akiba wa polisi Kenya ni mali ya serikali, hazikusanywi na mtu. Ukiokota kipande au risasi kwenye medani za zamani kama Salaita kule Taita Taveta, usiguse wala usisafishe: toa taarifa. Risasi ya 1916 bado inaweza kulipuka.

Kusoma namba kabla ya kutoa pesa

SMLE iliyokamilika hubeba namba moja sehemu sita: upande wa kulia wa pete ya mbele ya mwili (kile kipande cha chuma kinachobeba bolti), kwenye mtutu karibu na chemba, nyuma ya mkono wa bolti, chini ya jani la kilengeo cha nyuma, kwenye kofia ya mbele mahali singe inaposhika, na chini ya ubao wa mbele nyuma kidogo ya kofia hiyo. Kuisoma ya kilengeo inua jani, tumia tochi. Ile ya ubao mara nyingi imefunikwa na uchafu wa miaka. Usiikwangue, ilowanishe kwa thina na kitambaa.

Herufi ya mbele ni sehemu ya namba. Bolti yenye tarakimu zilezile nne lakini herufi nyingine ni bolti ya bunduki nyingine, na hapa ndipo wauzaji wanapowapiga wanunuzi wengi, kwa makusudi au kwa kutokujua.

Namba iliyochorwa mstari juu yake na nyingine kupigwa kando si dosari. Ndivyo mafundi wa jeshi walivyofanya wakihamisha kipande kutoka bunduki moja kwenda nyingine, na kazi hiyo ni sehemu ya historia ya bunduki. Cha kuogopa ni namba ambayo haina ya zamani kando, na chuma kilichoizunguka kimeng'aa au kina bonde dogo. Pitisha kidole: chuma kilichosagwa kufuta namba huwa na shimo unalolihisi kabla hujaliona. Linganisha pia umbo la tarakimu na kina chake na namba ya kwenye mwili. Kingo kali kama za jana kwenye kipande chenye umri wa miaka mia ni ushahidi tosha.

Upande wa kulia wa soketi ya kitako (kile chuma cha nyuma ya mwili kinachopokea kitako) kuna taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda (ENFIELD, B.S.A. Co., L.S.A. Co.; za Australia zina LITHGOW na za India ISHAPORE), mwaka na muundo. Alama nyingine za kuzitambua:

- FTR na mwaka: bunduki ilirudi kiwandani kukarabatiwa upya kabisa. Namba zilizobadilishwa hapo ni halali.
- DP: ya mazoezi ya gwaride. Jeshi liliiona haifai kupigwa risasi. Inafaa kabatini, basi.
- Mishale miwili iliyoelekeana vichwa: imeuzwa nje ya jeshi.
- ENGLAND: iliingizwa Marekani kibiashara.

SMLE za awali zina kisahani cha shaba upande wa kulia wa kitako chenye alama za kikosi. Kikiwa kitupu, kiache kitupu. Kuna watu wanaochonga majina ya vikosi vinavyovutia wanunuzi, na Keya (King's African Rifles) ni kimojawapo cha kuangalia kwa jicho la mashaka.

Kwenye No. 4 namba iko kushoto mwa soketi ya kitako, nyuma ya mkono wa bolti na chini ya ncha ya ubao wa mbele. Herufi C katikati ya namba ni ya Savage, kiwanda cha Marekani, na L ni ya Long Branch, Kanada. Mitutu mingi ya No. 4 ya wakati wa vita ina mifereji miwili tu badala ya mitano ya kawaida. Haijachakaa, ilitoka kiwandani hivyo.

Ipi ya kununua ikiwa imekatwa

Ubao uliokatwa unarudishika. Mambo matatu hayarudishiki. La kwanza ni mtutu uliofupishwa: pima kutoka mdomoni hadi kwenye uso wa bolti iliyofungwa, unatakiwa uwe na inchi 25.2, yaani sentimita 64. La pili ni daraja la kuingizia risasi juu ya mwili, ambalo wawindaji walilisaga ili waweke darubini. La tatu ni matundu yaliyotobolewa kwenye mwili kwa kazi hiyohiyo. Ukikuta lolote kati ya hayo, hiyo ni bunduki ya kutolea vipuri, na bei iwe ya vipuri.

Kwa ile iliyokatwa mbao tu, orodha ya vinavyokosekana huwa hivi: ubao wa mbele, vifuniko viwili vya juu ya mtutu (cha nyuma na cha mbele), kofia ya mbele na skrubu zake mbili, pete ya kati yenye kishikio cha mkanda, pete ya ndani pamoja na skrubu, springi na washa yake, kinga ya kilengeo cha nyuma na skrubu na nati yake, na kile kipini kidogo chenye springi kinachokaa ndani ya ncha ya ubao kuusukuma mtutu juu. Hivi vidogo ndivyo vinavyosumbua. Ubao utaupata kwa wiki moja. Springi na washa ya pete ya ndani unaweza kuzitafuta msimu mzima. Kwa hiyo nunua seti iliyotolewa kwenye bunduki moja, hata ikiwa ghali zaidi, badala ya kipande kimoja kimoja.

Tafuta kipande cha kiwanda kilekile na cha miaka inayokaribiana. Bunduki ya BSA ya 1917 haitakiwi kuvaa ubao laini wa Lithgow wa miaka ya 1940, ule wenye vibati vya shaba nyekundu nyuma. Mk III* haikuwa na kizuio cha magazini wala vilengeo vya mbali vya pembeni. Ukiviongeza kwa kuwa vinapendeza, umetengeneza bunduki ambayo haikuwahi kuwepo.

Namba yako usiipige kwenye kipande ulichonunua. Kikiwa na namba nyingine, iache. Kikiwa hakina, kiache bila. SMLE yenye kofia ya namba tofauti ni bunduki ya kawaida iliyotengenezwa. Yenye namba mpya iliyopigwa juzi inatiliwa mashaka hadi kwenye vipande vyake vya kweli.

Kuifungua

Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kisha ingiza kidole uhakikishe haina kitu. Risasi zisiwe hata chumba kimoja na kazi. Halafu piga picha kila upande kabla skrubu ya kwanza haijaguswa.

Bisibisi ni muhimu kuliko kifaa kingine chochote hapa. Ncha iwe na kingo sambamba, ijae mfereji wa skrubu kwa upana na unene. Bisibisi ya kawaida ya duka ina ncha ya kabari, inapanda juu na kukwangua kichwa, na skrubu za Enfield zina hesi zake zenyewe, si kitu cha kununua duka la vifaa vya ujenzi. Skrubu iliyoganda ipe mafuta ya kupenya usiku kucha, kisha gusa kichwa chake kwa pasi ya risasi (ile ya mafundi redio) dakika chache. Joto hufungua pale nguvu inapovunja.

Utaratibu wa SMLE ni huu. Toa bolti: ivute nyuma hadi mwisho, inua kichwa chake kitoke relini, itoke. Fungua skrubu ya kinga ya kilengeo cha nyuma uitoe, kisha panua taratibu kifuniko cha nyuma kitoke. Kimeshikwa na vibanio vya chuma na ubao wake hupasuka ukikivuta upande mmoja. Toa skrubu mbili za kofia ya mbele na uitelezeshe mbele. Pete ya kati ifuate, halafu kifuniko cha mbele. Chini ya ubao kuna skrubu ya pete ya ndani: itoe ukiwa umeweka kiganja chini, kwa sababu springi na washa vitadondoka. Mwisho toa skrubu mbili za kinga ya kifyatulio, na ubao wa mbele uuvute chini ukiwa umenyooka, bila kuupinda.

Kitako ni cha mwisho, na mpangilio huu usiubadilishe. Bolti ndefu inayoshika kitako ina ncha ya mraba inayotokeza mbele ya soketi na kukaa ndani ya kibati kilichomo kwenye ubao wa mbele. Ukiizungusha ubao ukiwa bado umefungwa, ule mraba unazunguka nao na kuupasua ubao kwa nyuma. Hii ndiyo sababu SMLE nyingi zina ufa pale pale, nyuma ya kinga ya kifyatulio. Bolti yenyewe unaifikia kupitia kile kifuniko cha shaba cha kitako, mahali inapokaa chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia. Kwanza vua kipande cha ngozi kilichoshindiliwa mbele ya kichwa chake kwa waya wenye ndoana. Ukikisahau, bisibisi inakitafuna na haishiki. Bisibisi yenyewe iwe ndefu, sentimita 35 hivi. Kama kitako hakina shida, kiache. Tazama tu herufi iliyopigwa juu yake: S ni kifupi, L ni kirefu, B ni kifupi zaidi, na kisicho na herufi ni cha kawaida. Tofauti ni nusu inchi kwa kila hatua.

Mbao

Msasa marufuku. Mihuri ya wakaguzi kwenye kitako ina kina kidogo sana, na msasa ukiufuta hairudi. Kingo za ubao pia hulala chini ya usawa wa chuma, na kila mkusanyaji anaona hilo akiwa bado mlangoni.

Vanishi ya mwindaji iondoe kwa dawa ya kuondolea rangi inayopakwa kama ujiuji, kisha futa kwa kitambaa cha gunia. Mafuta meusi yaliyoingia ndani, hasa nyuma ya kitako kilichosimamishwa kabatini miaka mingi, yavute kwa unga wa chaki uliochanganywa na asetoni hadi uwe kama uji mzito. Paka unene wa nusu sentimita, weka juani. Unga ukikauka utageuka kahawia. Upukute kwa brashi, rudia. Mara tatu hadi tano zinatosha. Ukiendelea hadi ubao uwe mweupe umekwenda mbali mno: ubao wa jeshi ni mweusi kiasi.

Mabonde yanyanyue kwa kitambaa chenye maji na ncha ya pasi ya moto, sekunde chache kila mara. Yale yaliyobonyea yanapanda, yaliyokatika nyuzi hayapandi. Mvuke pia hunyanyua mihuri, kwa hiyo usiukaribie muhuri hata kama una bonde kando yake.

Ufa wa nyuma ya ubao usafishe kwa asetoni hadi mafuta yaishe kabisa, kwa sababu gundi haishiki kwenye mafuta. Ingiza gundi ya epoksi yenye kukauka polepole, ikisukumwa kwa uzi au sindano, kisha funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kiraka cha ubao kilichotiwa na fundi wa jeshi usikitoe.

Umaliziaji ni mafuta ghafi ya kitani, kama jeshi lenyewe lilivyotumia. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili yapenye. Inayofuata paka yenyewe kidogo, sugua kwa kiganja hadi upate joto, acha nusu saa, futa yote yaliyobaki juu. Subiri siku mbili tatu kabla ya kurudia. Yakiachwa mazito juu hugeuka gamu inayonata ambayo haikauki. Ndani ya mfereji wa mtutu pia paka, maana unyevu huingilia humo.

Matambara ya mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa kwenye ndoo hujipasha joto yenyewe hadi yanawaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye maji.

Chuma

Kabla ya kusafisha, jua unachokiona. Rangi nyeusi nzito kama ya rangi ya kupaka, hasa kwenye No. 4 zilizokarabatiwa baada ya vita, ni Suncorite, umaliziaji wa jeshi. Watu huibandua wakidhani ni kazi ya mtaani na kuacha chuma cheupe chini.

Kutu nyekundu kwenye chuma chenye weusi wa zamani iondoe kwa kuchemsha. Osha kipande kwa asetoni, chemsha dakika 20 hadi 30 kwenye maji yaliyokenekwa, yale ya pasi za mvuke. Kutu nyekundu inageuka nyeusi. Kitoe, sugua kwa sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000, nayo ikiwa imeoshwa kwa asetoni kwa kuwa hutoka kiwandani na mafuta. Rudia hadi wekundu usionekane tena, kausha kikiwa bado cha moto, paka mafuta hapohapo. Maji ya bomba huacha madoa meupe ya chumvi, na kipande kilichoachwa kipoe bila mafuta hupata kutu mpya ndani ya saa moja. Siki na asidi nyingine zinaondoa kutu vizuri sana, na weusi wa asili pamoja nayo.

Ndani ya mtutu piga brashi ya shaba kutokea upande wa chemba, kamwe si mdomoni. Fito ikisugua mdomo wa mtutu inaulegeza, na hapo ndipo shabaha inapopotea.

Kuirudisha pamoja

Ubao wa mbele uliotoka bunduki nyingine haukai wenyewe. Unapaswa kugusa kwa nguvu sehemu mbili: kwenye makalio mawili ya nyuma yanayopokea mshindo wa bunduki, kulia na kushoto kwa pamoja, na chini ya sehemu nene ya mtutu mbele ya mwili. Paka lipstiki kwenye chuma, kaza, fungua, tazama rangi imehamia wapi. Ikiwa kalio moja tu limepata rangi, mwili utapiga upande huo kila risasi na kuupasua ubao. Ongeza vibamba vyembamba vya mjozi kwa gundi pale palipopungua. Usichonge pale panapogusa hadi vilingane kwa bahati. Mwisho wa nyuma wa ubao usikandamize soketi ya kitako.

Ndani ya tundu la skrubu ya mbele ya kinga ya kifyatulio kuna kibushi kifupi cha chuma. Ndicho kinachopokea nguvu ya kukaza. Kikikosekana, kila unapokaza unaponda ubao, na baada ya muda mwili unacheza. Angalia kabla hujafunga.

Kwenye No. 4 hakuna pete ya ndani. Mtutu unalalia ncha ya ubao kwa msukumo wa juu wa ratili 2 hadi 7. Ufunge kamba mdomoni, vuta juu kwa mizani ya samaki hadi uachane na ubao, soma.

Bolti yenye namba tofauti ni jambo la usalama kabla ya kuwa la bei. Masikio yake mawili ya kufungia yalisawazishwa kwa mwili mmoja, na kwenye mwili mwingine linaweza kushika moja tu. Fundi silaha mwenye leseni apime kwa geji nafasi kati ya uso wa bolti na uso wa nyuma wa mtutu, mahali ukingo wa risasi unapokaa: kipimo cha jeshi ni inchi 0.064 hadi 0.074. No. 4 ina vichwa vya bolti vyenye namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, kwa hiyo kurekebisha ni kubadilisha kichwa. Vya SMLE havina namba; fundi hujaribu kimoja kimoja.

Vipande ulivyovitoa, hata ubao uliokatwa, viweke kwenye boksi lenye namba ya bunduki, pamoja na karatasi inayosema kipi kilibadilishwa, lini, na kilitoka kiwanda gani. Siku ya kuuza, mnunuzi apewe vyote. Bunduki yenyewe ilaze, au isimamishe mdomo ukiwa chini, mafuta ya mwilini yasichuruzike kwenye kitako. Usiiache kwenye mfuko wa ngozi au sponji, vyote hushika unyevu. Pwani weka vifuko vya kukaushia unyevu kabatini na uvikaushe kila mwezi.